Ushahidi Kwamba Tonton Hakuwa Kalemie

Tonton alivunja ukuta. Hakulikana jambo hilo hata siku moja, na nadhani ndiyo sababu kesi yake ilichukua miezi tisa: hakimu alikuwa amezoea watu wanaokana. Ukuta ulikuwa wa jirani wa juu. Ninaposema jirani wa juu sisemi cheo chake. Kwetu Nguba, mashariki ya Kongo, nyumba zimepandana kwenye mteremko hadi karibu na ziwa, kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini, na mvua ikinyesha unapokea maji ya wa juu na kumpelekea wa chini. Jirani wetu alijenga ukuta juu ya mfereji. Maji yakatafuta njia nyingine, yakaipata sebuleni kwetu. Tonton, yaani mjomba wangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alimwandikia jirani barua tatu zenye michoro na mishale. Ya tatu iliporudi haijafunguliwa, alichukua nyundo.

Walimkamata Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tisa, wiki ya kufungua shule. Hii ni kabla ya vita kuingia mjini, wakati gereza lilikuwa bado na karani, karani ana meza, na meza ina muhuri. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria, sina kazi, naishi kwa tonton na mke wake. Nilikuwa na kipaji kimoja tu, kuuliza maswali. Nyumbani waliniita maître, kama wakili wa kweli, na haikuwa kwa heshima.

Tantine, mke wa tonton, hakulia siku ile. Alikaa jikoni muda kidogo, kisha akatoka na uamuzi.

"Papa ameenda Kalemie."

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye nasema. Ndugu yake eko mugonjwa kule, ameenda kumuchunga."

"Tantine, tonton ana ndugu Kalemie?"

"Sasa eko naye."

Lazima nimtetee. Kila Jumamosi alikuwa anafundisha wachumba wa parokia maisha ya ndoa: subira, upole, namna ya kuishi na majirani. Angewezaje kusimama mbele ya vijana wale huku mume wake yuko ndani kwa sababu ya nyundo? Lakini uongo wake haukuwa wa kuziba pengo kwa wiki mbili. Aliujenga kama mtu anayejenga nyumba ya kudumu. Alikwenda soko la Kadutu, akanunua ndagala, wale samaki wadogo wakavu, akazigawa kwa majirani kwenye vikaratasi: Papa ametuma kutoka Kalemie. Kwenye misa aliomba nia kwa ajili ya msafiri. Na binamu yangu alipoolewa mwezi wa kwanza, ujumbe wa tonton ulisomwa kwenye mikrofoni mbele ya ukumbi mzima, na wanawake wawili walifuta machozi. Ujumbe ule niliuandika mimi. Mimi ninayehoji hata tangazo la umeme niliandika kwamba mawimbi ya ziwa Tanganyika yananikumbusha sauti zenu, na nilijivunia sentensi ile.

Tonton mwenyewe alitusahihisha kutoka gerezani. Nilipompelekea chakula, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kalemie mumesema nini wiki hii?"

"Tantine amesema kumenyesha sana."

"Mwezi wa saba? Kalemie mwezi wa saba hakunyeshi. Mwambie aseme upepo. Upepo wa kusini, unasumbua mitumbwi." Alitafuna sombe yake. "Uongo wa jiografia siutaki."

Hukumu ilitoka mwanzo wa mwezi wa sita: miezi kumi na mbili. Tulipumua. Sheria iko wazi, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua: siku ulizokaa ndani kabla ya hukumu zinatolewa kwenye adhabu. Tangu mwezi wa tisa hadi wa sita ni miezi tisa, ilibaki mitatu. Tantine alianza kumrudisha polepole. Mwezi wa saba mgonjwa wa Kalemie alipata nafuu. Mwezi wa nane alikuwa anakula uji peke yake.

Katikati ya mwezi huo wa nane nilikwenda kwa karani wa gereza kuuliza tu siku kamili ya kutoka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta ya sufu na miwani aliyoifunga kwa uzi. Alifungua daftari jipya, akashuka na kidole, akanisomea tarehe.

"Hiyo ni ya mwaka ujao," nikasema.

"Ndiyo. Mwezi wa sita hadi mwezi wa sita."

"Lakini aliingia mwezi wa tisa mwaka jana."

"Daftari linasema mwezi wa sita."

Kumbe daftari la zamani lilikuwa limelowa. Mvua za mwezi wa nne ziliingia kupitia paa, na kurasa zikashikana zikawa kitu kimoja, kama bugali. Walipofungua daftari jipya, mwezi wa saba, kila mfungwa aliandikiwa tarehe ya karatasi ya zamani kuliko zote iliyokutwa kwenye faili lake. Katika faili la tonton hati ya kumkamata haikuwemo, kulikuwa na hukumu tu. Kwa hiyo, kwa serikali, tonton aliingia gerezani siku aliyohukumiwa, na aliyekula maharagi ya gereza miezi tisa kabla ya hapo hakujulikana ni nani.

"Yeye mwenyewe si yuko hapo nyuma? Tumwite tumuulize."

"Maître," akasema karani, na yeye alilisema kwa heshima, jambo lililoniumiza zaidi, "mfungwa hawezi kujihesabia. Kila mmoja angekuwa ametoka jana. Uniletee karatasi."

Nikaleta karatasi. Tantine anatunza karatasi zote za nyumba kwenye bahasha moja kubwa ya kaki, na mimi, kwa haraka ya mtu anayejua yuko upande wa haki, niliibeba bahasha nzima bila kuifungua. Ninauliza kila kitu duniani, na siku hiyo sikuuliza bahasha ile ina nini. Karani alichambua moja moja: cheti cha ndoa, barua tatu zenye mishale, kadi ya chanjo ya mtu fulani. Kisha akasimama kwenye karatasi moja, akaisoma, akaisoma tena, akanigeuzia.

Ilikuwa cheti cha chef wa avenyu yetu, kiongozi wa mtaa. Kilisema kwamba tonton, mkazi wa avenyu yake, mtu wa mwenendo mzuri, yuko safarini Kalemie tangu mwezi wa tisa kwa sababu za kifamilia. Muhuri wa rangi ya zambarau, sahihi mbili. Tantine alikiomba mwezi wa tatu, watu wa ardhi walipokuja kupima kiwanja na kumtafuta mwenye nyumba.

"Hiki kina cachet," karani akasema, kidole juu ya muhuri.

"Hicho ni uongo, papa."

"Uongo wenye cachet. Wewe una nini?"

"Nina mtu. Yuko mita ishirini kutoka hapa."

Alivua miwani yake. "Sikiliza, binti yangu. Ama alikuwa humu, ama alikuwa Kalemie. Kama alikuwa Kalemie wakati kesi yake iko mbele ya hakimu, huyo alikuwa mtoro, na itabidi niandike ripoti. Sitaki kuandika ripoti, ni karatasi nne. Niletee watu wasio wa jamaa yenu, wawili au zaidi, wawe waliomwona humu kabla ya hukumu, na waseme tangu lini. Nitaanzia hesabu pale watakapoanzia wao."

Tonton nilimkuta kwenye benchi la wageni. Nilimweleza yote. Alisugua goti lake la kushoto, lile linalomsumbua tangu walipoanza kulala watu watatu kwenye mkeka mmoja.

"Miezi tisa ingine," akasema hatimaye. "Hapana. Miezi kumi na mbili nilikubali, ukuta niliuvunja. Lakini hii tisa ni ya ukuta gani?"

Niliona mkono wake umekonda. Kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za Kalemie.

Sasa fikiria tatizo letu. Tulihitaji majirani waseme walimwona tonton gerezani, na kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tumefanya kazi, kwa bidii na kwa samaki, ili jirani yeyote asijue kwamba yuko gerezani. Tantine alipokwenda kumwona alibeba chakula kwenye mfuko wa kwaya, akaanza kwa kushuka kuelekea ziwani, upande usio wake, hadi mahali ambapo wapanda pikipiki hawamjui, ndipo akageuka. Walinzi wa zamani, ambao wangeweza kushuhudia, walikuwa wamehamishwa. Nilipomweleza tantine, aliniuliza kama chuoni hawakutufundisha njia nyingine. Nikamwambia walitufundisha, kwa Kifaransa, na zote zinahitaji hati.

Alhamisi ile shirika lilikuwa kwetu. Shirika ni majirani Wakatoliki wa mtaa, watu kama ishirini, wanaosali kila wiki nyumba kwa nyumba. Prezidenti wake ni maman mmoja anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mwenye kijana ambaye sote tulijua anasoma Lubumbashi. Yeye na tantine walikuwa wanapendana kama watu wawili wanaotaka kiti kimoja cha mbele kanisani. Baada ya somo watu wakatoa nia zao. Tantine akasimama, akafunga kitenge chake upya, jambo ambalo halikuhitajika.

"Naomba munisamehe. Papa haiko Kalemie. Hajafikaka Kalemie hata siku moja. Eko mu prison tangu mwezi wa tisa, ju ya ukuta."

Mtoto wa mtu alidondosha rozari na mama yake hakumkemea.

"Na ile ndagala?" akauliza prezidenti.

"Ya Kadutu."

"Nilijua. Ndagala ya Kalemie iko na mafuta. Ile yako ilikuwa kama misumari."

"Maman, mutanicheka kesho. Leo natafuta mutu mwenye alimuona kule mbele ya mwezi wa sita. Bila hiyo banamubakisha mwaka muzima."

Nilikuwa nategemea mshangao, labda huruma, labda furaha ndogo ya siri. Badala yake niliona watu wanaangalia sakafu. Watu wazima kumi na tano, kila mmoja amepata kitu cha kutazama karibu na viatu vyake. Nikaanza kujiuliza, kama kawaida yangu: mtu asiyejua kitu anaangalia sakafu kwa sababu gani?

Prezidenti alikohoa. "Mimi nilimuona."

"Ulimuona wapi?" tantine akauliza.

"Kule. Siku ya Mimba Takatifu, mwezi wa kumi na mbili, tarehe nane. Alinisaidia kubeba bidon ya maji."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini kule?"

Maman yule alinyoosha mgongo wake wote. Nilidhani atamjibu vibaya.

"Mutoto wangu haiko Lubumbashi," akasema.

Nadhani tantine alikuwa na miaka yote ya kile kiti cha mbele mdomoni mwake, tayari. Akaimeza. Alivuta kiti, akakaa karibu naye. Kisha papa mmoja mzee, katekista wa zamani, akasema pale kwenye kona, taratibu, kana kwamba anatangaza ratiba ya maungamo, kwamba mkwe wake naye haendi Kinshasa kwa biashara, na kwamba yeye mwenyewe alimwona tonton Jumatano ya Majivu akichora ramani ya Kongo ukutani kwa mkaa. Walikuwa wanne kwa jumla. Wakaanza kulinganisha siku zao. Huyu alikwenda Jumanne kwa sababu alidhani hakuna wa mtaa anayekwenda Jumanne, yule Ijumaa alfajiri, na prezidenti alikuwa anavaa miwani ya jua.

"Niliwahi kukuona na hiyo miwani," katekista akamwambia. "Nikasema, huyu iko mufanyakazi wa shirika la misaada."

"Na mimi nilikuona, papa. Ulijificha nyuma ya muti. Muti ilikuwa ndogo."

Walicheka hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa nahesabu kwenye kiganja. Tarehe nane ya mwezi wa kumi na mbili ndiyo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Karani alisema ataanzia pale mashahidi watakapoanzia, kwa hiyo tonton angetoka mwezi wa kumi na mbili, na miezi mitatu ingeyeyuka pamoja na daftari.

"Hakuna aliyemuona mwezi wa tisa?" nikauliza.

"Maître, mwezi wa tisa wangu alikuwa bado iko huru," prezidenti akasema. "Ya mwezi wa tisa, umuulize yule mwenye alimufungisha." Akaelekeza kidevu chake juu, kwenye mteremko.

Nilipanda kesho yake asubuhi, peke yangu, maana tantine alisema akimwona yule mtu atasahau yote anayofundisha Jumamosi. Jirani wa juu alikuwa kwenye baraza ya ghorofa yake, mbele ya ukuta mpya, mrefu kuliko wa kwanza. Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu haki, ujirani mwema na goti la tonton. Nilipomwona ameweka miguu juu ya stuli, hotuba ikaniishia. Nikasema kitu kingine.

"Papa, shikamoo. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Kule gerezani wanasema tonton hakukamatwa hadi mwezi wa sita."

"Nani anasema?"

"Karani. Iko kwenye daftari. Wanasema ile miezi yote ulikuwa unamshitaki tu, na yeye anatembea."

Aliteremsha miguu. "Anatembea?"

"Wana hata karatasi yenye cachet. Kwamba alikuwa safarini, anapumzika kwenye ziwa."

Sijawahi kuona mtu akichukizwa hivyo na habari kwamba adui yake hakuteseka vya kutosha. Aliingia ndani, nikasikia droo zikivutwa, akatoka na karatasi ngumu inayong'aa. Ilikuwa nakala ya hati ya kumkamata tonton, yenye muhuri wa parquet, ofisi ya mwendesha mashitaka, na tarehe ya Jumanne ile ya kwanza. Alikuwa ameitia plastiki.

"Wakili wangu alinipa siku ileile," akasema. "Nilisimama pale kwenye barabara, nikaona kwa macho yangu bakimupandisha mu jeep. Mwezi wa tisa. Mutu asiniambie mwezi wa sita."

"Naweza kuipeleka?"

"Wewe? Nitaipeleka mwenyewe."

Ndivyo tulivyofika kwa karani Jumatatu, msafara ambao sijaona mfano wake: tantine, prezidenti bila miwani ya jua, katekista, mimi, na mbele yetu wote jirani wa juu, amevaa koti, ameshika plastiki yake. Karani aliwaandika mashahidi mmoja mmoja. Prezidenti alitaja Mimba Takatifu na kueleza bidon ilikuwa ya rangi gani. Kile cheti cha Kalemie kikawekwa chini kabisa ya rundo, kimegeuzwa. Kisha jirani akaweka hati yake mezani na kuigonga kwa kidole.

"Tangu hapa. Andika. Tangu hapa."

Karani aliipeleka dirishani, akaukagua muhuri, akarudi. Alihesabu mara mbili, ya pili kwa vidole. "Basi tunatoa miezi tisa," akasema. "Anatoka baada ya siku kumi na moja."

Jirani alimwangalia karani, akaniangalia mimi. "Siku kumi na moja? Anatoka?"

"Ndiyo, papa," nikasema. "Asante."

Niliona akiirudisha safari nzima kichwani, kutoka barazani kwake hadi pale mezani. Sikujua kama atapiga kelele. Tantine alimtangulia. Alisema kwamba mvua ziko karibu, na kwamba akimtuma fundi wake kutoboa tundu chini ya ukuta, kwa maji tu, hakuna mtu wa kwetu atakayegusa tofali. Alisema kwa ile sauti ya Jumamosi, ya wachumba. Jirani alidai hati yake, karani akamwambia lazima ibaki siku moja kwa ajili ya nakala, na akatoka mikono mitupu, koti limemkaa vibaya.

Nikaanza kukusanya bahasha. Karani alikuwa ameshafunga daftari. Prezidenti hakusimama. Alivuta kiti chake mbele hadi tumbo lake likagusa meza, akaweka viwiko viwili juu yake.

"Sasa uhesabu na wangu."

"Wako nani, maman?"

"Mutoto wangu. Aliingia mwezi wa kumi na moja, alihukumiwa mwezi wa sita. Ufungue hiyo daftari. Nataka kuona umemuandika lini."

Karani akafungua. Kidole kikashuka, kikasimama. Sote tuliona ni mwezi wa sita. Katekista naye akasogeza kiti. Tantine alinipokonya bahasha, akaniambia atafika nyumbani peke yake, njia anaijua, na kwamba leo atapita ile fupi. Karani alifungua droo, akatoa kalamu ya pili, akaijaribu kwenye kiganja chake, akanisukumia.

"Maître," akasema, "kaa hapa. Unisomee kurasa za mwezi wa sita, zote."